Jinsi ya kusoma kanda za kuvumwani kwenye mwamba wa pwani ya baridi

Ukiutazama kwa mbali mwamba wa pwani karibu na Stonehaven, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, utadhani ni kikoi kilichoanikwa: ukanda mweusi chini, wa rangi ya chungwa katikati, wa kijivu juu. Wengi hupita wakiamini hiyo ni rangi ya jiwe. Siyo. Ni kuvumwani, na kila moja imekaa pale inapoweza kustahimili chumvi, upepo na barafu. Nimewapeleka watu wengi kwenye mwamba huo, na hapa naeleza jinsi ninavyofanya. Utaratibu huu unafaa pia Wales, Ayalandi, Norwe na kokote penye mwamba mgumu na bahari ya baridi.

Kwanza jina, maana ndilo linaloeleza kila kitu kitakachofuata. Kuvumwani ni kuvu na mwani wakiishi pamoja mwili mmoja. Kuvu hujenga nyumba na kushika mwamba. Mwani, ambao hapa ni chembe zisizoonekana kwa macho, hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumlisha mwenzake. Nimekulia Jambiani, ambako mwani hufungwa kwenye kamba na kuvunwa kwa magunia, kwa hiyo ilinichukua muda kukubali kwamba ule ugaga mgumu kwenye jiwe nao una mwani ndani yake.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Tazama jedwali la maji. Nenda wakati wa bamvu, si wakati wa maji mafu, kwa sababu maji yakipwa sana utauona mwamba wote. Fika saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, uyafuate yanaposhuka, na yakianza kujaa uondoke nawe upande.

Beba kioo cha kukuzia cha mara 10, chupa ya kunyunyizia yenye maji ya mvua, na kamera. Vaa viatu vyenye meno. Ukanda mweusi ukilowa huteleza vibaya sana, na hapo ndipo watu huanguka. Popote uonapo weusi unaong'aa, usikanyage.

Hatua ya 2: Gusa weusi

Huu ndio ukanda ninaoupenda kuliko yote. Jina lake la kitaalamu ni Hydropunctaria maura, na unakaa pale maji yanapofikia yakijaa. Mara ya kwanza nilipouona niliinama nikasugua kwa kidole, nikitazamia kuona mafuta ya meli. Kidole kilitoka safi. Fanya hivyo hivyo: lami hunata na kunuka, kuvumwani hii haiachi kitu mkononi. Tofauti hiyo ina uzito. Mwaka 1967 meli ya mafuta Torrey Canyon ilipopasuka karibu na Cornwall, sabuni kali zilizomwagwa ili kusafisha pwani ziliua viumbe wengi kuliko mafuta yenyewe. Kabla ya kuripoti doa jeusi, sugua kwanza.

Sasa weka kioo karibu na jicho, kisha sogeza uso mpaka sentimita chache kutoka kwenye jiwe. Utaona weusi umepasuka vipande vidogo mno, kama tope la bwawa lililokauka, na juu yake vichuguu kama vichwa vya pini. Hivyo ni vyungu vya spora, zile chembe ambazo kuvu huzaana kwazo. Kiumbe kizima kimelala bapa, kimeng'ang'ania jiwe kiasi kwamba wimbi halina pa kukishika. Weusi wenyewe humkinga mwani wa ndani dhidi ya jua kali.

Pima pia upana wa ukanda. Kwenye ghuba tulivu huwa mwembamba. Kwenye rasi inayopigwa na mawimbi hupanda mita kadhaa, kwa sababu manyunyu ya chumvi hufika juu zaidi. Kwa hiyo hata siku ya shwari unaweza kujua mahali hapo hupigwaje wakati wa dhoruba.

Hatua ya 3: Shuka chini kidogo

Katikati ya vile vigamba vyeupe vinavyokwaruza miguu, tafuta Wahlenbergiella mucosa, iliyo laini, ya kijani iliyokolea, kama imepakwa varnishi. Hii huzama kila maji yanapojaa.

Ukibahatika utakutana na Lichina pygmaea, vichaka vyeusi vya urefu wa sentimita moja hivi, kwenye miamba iliyo wazi kwa mawimbi. Si kila pwani utaipata. Kila mtu huiita mwani kwa kosa. Itazame kwa subira, usiing'oe: ndani ya matawi yake huishi chaza wadogo sana, Lasaea adansoni, wenye ukubwa wa milimita mbili hivi.

Mshirika wa Lichina si mwani wa kijani bali ni sianobakteria, yaani bakteria ambao nao hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, na kuvumwani za aina hiyo huhitaji maji hasa ndipo ziamke. Zenye mwani wa kijani huweza kuamka kwa unyevu wa hewa tu. Nami naona hilo linaendana vizuri na kuikuta Lichina pygmaea pale wimbi linapofika kila siku.

Hatua ya 4: Panda kwenye rangi ya chungwa

Hapa kuna Caloplaca marina, punje za chungwa zilizotawanyika, na juu yake Xanthoria parietina, yenye majani unayoweza kuyainua kwa ukucha. Zunguka jabali moja. Upande wa jua Xanthoria ni chungwa kabisa. Upande wa kivuli imefifia ikawa ya kijani-kijivu. Rangi hiyo ni parietini, kinga ya jua ambayo kuvu huitengeneza kulingana na haja.

Nyunyiza maji ya mvua kwenye sehemu kavu, kisha subiri dakika chache. Chungwa litaanza kuchanganyika na kijani. Ngozi ya juu ikilowa hupitisha mwanga, na unachokiona ni mwani wa ndani akirudi kazini.

Hatua ya 5: Malizia kwenye kijivu

Juu kabisa, ambako hufika manyunyu tu, utaona Ochrolechia parella, ugaga mweupe wenye visahani vya kingo nene, na Ramalina siliquosa inayoning'inia kama ndevu bapa. Shika Ramalina siku kavu: inakwaruza kama karatasi. Rudi siku ya ukungu, ni laini kama ngozi.

Chini ya magenge wanamotaga ndege wa baharini, kama kule Fowlsheugh karibu na Stonehaven, chungwa hupanda mpaka huku juu. Xanthoria hupenda nitrojeni ya mbolea yao.

Hatua ya 6: Rudi mwezi wa Januari

Usikose hatua hii, maana baridi ndiyo inayoonyesha ustadi wao. Kuvumwani haina mizizi wala njia ya kuzuia maji yasitoke. Hewa ikikauka, nayo inakauka, mpaka maji yabaki chini ya asilimia 10 ya uzito wake, kisha inasimamisha kazi zote. Barafu inapofika haina cha kupasua. Hata ikigandishwa ikiwa mbichi, barafu hujijenga nje ya chembe hai (seli) za mwili wake na kuvuta maji yatoke, jambo ambalo kwa chembe ni sawa na kukauka tu.

Chumvi nayo huvuta maji kwa namna hiyo hiyo. Ndani ya Xanthoria mwani hutoa ribitoli, aina ya sukari, na kuvu huigeuza kuwa manitoli. Sukari hizi hushikilia maji na kulinda chembe, iwe adui ni munyu, jua au sakitu. Kwa hiyo silaha ni ileile moja. Huko Antaktika, Umbilicaria aprina imepimwa ikifanya usanisinuru, yaani kutengeneza sukari kwa mwanga, kwenye nyuzi 17 chini ya sifuri.

Hatua ya 7: Piga picha ya kurudia

Chagua kipande kimoja, weka sarafu pembeni kama kipimo, piga picha, na uandike mahali hasa. Usikwangue wala usiweke alama ya rangi. Rudi mwaka unaofuata, mwezi uleule. Nina picha za miaka mitano za Ochrolechia moja iliyo juu ya ufa. Nikizilinganisha, ukingo wake umesogea kiasi cha unene wa ile sarafu.