Somo: Namna ya kumpinga mteule wa ujaji anayeweza kumwachia rais madaraka yasiyo na mipaka

Nchini Marekani rais ndiye anayeteua majaji wa shirikisho, lakini Katiba inadai ridhaa ya Seneti. Na kwa kuwa jaji akishaapishwa anaweza kukaa kitini maisha yake yote, mwananchi mwenye pingamizi hana budi kulitoa kabla ya kura. Somo hili ni kwa anayetaka kumwandikia seneta wake.

Hatua ya kwanza: Soma aliyoyaandika mteule mwenyewe, yaani hukumu, hotuba, nyaraka za siku zake serikalini, na majibu yake kwa hojaji ya Kamati ya Sheria ya Seneti. Samuel Alito alipoteuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu mwaka 2005, wapinzani wake walishika waraka wa mwaka 1986 ambamo alipendekeza kwamba rais anaposaini muswada aambatanishe tamko la jinsi anavyoielewa sheria hiyo, ili tafsiri yake nayo ipewe uzito. Aliidhinishwa kwa kura 58 dhidi ya 42, lakini alilazimika kwanza kuhojiwa juu ya madaraka ya rais akiwa chini ya kiapo.

Hatua ya pili ndiyo nzito kuliko zote: Pata kipimo. Mwaka 1952, wakati wa vita vya Korea, Rais Truman aliamuru serikali itwae viwanda vya chuma ili mgomo usikwamishe uzalishaji, na Mahakama ya Juu ikamkatalia kwa majaji 6 dhidi ya 3. Jaji Robert Jackson alieleza kwamba nguvu za rais huwa kubwa zaidi anapotenda kwa idhini ya Bunge, huwa za mashaka Bunge linapokaa kimya, na hushuka kabisa anapokwenda kinyume na matakwa ya Bunge. Chukua hukumu moja ya mteule, iangalie kwa ngazi hizo tatu, kisha uoneshe ni wapi alimruhusu rais kupita mahali ambapo Bunge lilikwisha kuweka uzio. Zingatia pia kwamba Jackson mwenyewe aliwahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Rais Roosevelt. Kwa hiyo kumkataa mtu kwa sababu tu alifanya kazi serikalini ni hoja dhaifu, nami naomba msiitumie.

Hatua ya tatu: Andika kwa ufupi, barua ifike kabla kamati haijapiga kura, na umpe seneta swali moja la kuuliza. Kwa mfano: Je, rais anaweza kupuuza sheria inayokataza mateso kwa kudai kwamba yeye ni amiri jeshi mkuu?

Maswali ya wanachama

Swali: Ikiwa chama cha rais kina wingi katika Seneti, je, si kazi bure?

Jibu: Ni kweli kwamba tangu mwaka 2017 wingi wa kawaida unatosha kufunga mjadala hata kwa Mahakama ya Juu. Hata hivyo, mwaka 2005 Harriet Miers, mwanasheria wa Ikulu aliyeteuliwa kwenda Mahakama ya Juu, alijiondoa ingawa chama cha Rais Bush kilikuwa na wingi, na upinzani mkali ulitoka ndani ya chama hichohicho.

Swali: Tufanyeje mteule akisema hawezi kuzungumzia kesi zinazoweza kumfikia?

Jibu: Ana haki ya kukataa kutabiri hukumu. Hana sababu ya kukataa kueleza anavyouelewa uamuzi wa mwaka 1952, na akikwepa hata hilo, mwombeni seneta amtake ajibu kwa maandishi.

Swali: Je, matendo nayo yanahesabika, au ni maandishi peke yake?

Jibu: Yanahesabika sana. Mwaka 1973 Robert Bork, akikaimu Uanasheria Mkuu, alitii amri ya Rais Nixon ya kumfukuza mwendesha mashtaka maalumu wa kashfa ya Watergate, baada ya wakubwa wake wawili kukataa kufanya hivyo. Alipoteuliwa kwenda Mahakama ya Juu mwaka 1987, kitendo hicho kilikuwa miongoni mwa hoja za waliompinga, na Seneti ikamkataa kwa kura 58 dhidi ya 42.