Inchi, futi, ratili, galoni: jinsi ya kupima bila kujichanganya

Kubadilisha inchi kuwa sentimita sio kazi, simu inakufanyia ndani ya sekunde. Balaa linaanza kabla hata hujashika simu, pale fundi mmoja anapomwambia mwenzake "kata 24" na huyu anakata bila kuuliza 24 ya nini. Tepu nyingi zina inchi ukingo mmoja na sentimita ukingo wa pili, ukiigeuza tu umeshasoma namba za upande mwingine na unajiamini kabisa. Sentimita 24 haifiki hata futi moja, inchi 24 ni futi mbili kamili yaani karibu sentimita 61, na mbao ikishakatwa fupi ndo basi tena.

Kwahiyo kabla ya hesabu yoyote zoea hivi: namba isiyo na kipimo pembeni yake usiifanyie kazi. Ukiambiwa namba tupu, uliza. Ukiandika, weka mm au inchi kila mahali hata kama ni kikaratasi cha kwako mwenyewe, maana kesho hutakumbuka. Na kazi moja iwe na kipimo kimoja, kama umeanza na milimita maliza na milimita, kwasababu kila ukibadilisha unakata nukta kidogo, ukibadilisha mara nne tano hizo nukta zinajumlishana mpaka mlango haufungi.

Za kukariri ni chache tu. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, sio takriban, walikubaliana hivyo mwaka 1959 Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Futi ni sentimita 30.48, maili ni kilomita 1.6, kilo moja ni ratili 2.2 (wengine wanaziita pauni). Nyingine utazitafuta ukizihitaji.

Sasa futi ndo inasumbua kuliko zote, kwasababu ina inchi 12 na sio 10. Mtu ana futi 5 na inchi 7, anajaza 5.7 kwenye kikokotoo, kikokotoo kinasoma futi tano na sehemu saba za kumi, kinamrudishia sentimita 173.7 wakati mwenyewe ana 170. Kwa urefu wa mtu sawa, ameongezewa sentimita tatu na nusu za bure na nani atakataa, ila fanya hivyo kwenye fremu ya dirisha uone kioo kitakaaje. Njia ni hii: zidisha futi kwa 12, jumlisha inchi, halafu zidisha kwa 2.54. Yaani 5 mara 12 ni 60, weka 7 inakuwa 67, mara 2.54 unapata 170.2. Kama kuna sehemu ya inchi, tuseme 3 na 5/8, gawanya 5 kwa 8 kwanza upate 0.625, ndo unakuwa na inchi 3.625, usije ukaandika 3.58 sababu tu zinafanana machoni.

Eneo nalo lina mtego wake. Mita moja ni futi 3.28, kweli, lakini mita moja ya mraba ni futi za mraba 10.76 maana unabadilisha urefu na upana vyote viwili. Chumba cha futi za mraba 200 ukigawanya kwa 3.28 unapata 61 na unaenda kununua vigae vya ukumbi mzima, jibu lenyewe ni mita za mraba 18.6.

Halafu kuna vipimo ambavyo ni majina tu, hapo kikokotoo hakikusaidii kitu. Bomba la chuma la nusu inchi ukilipima kwa nje unakuta milimita 21 na kidogo, wakati nusu inchi ya kweli ni 12.7. Usilipime ukaanza kugawanya, soma maandishi yaliyochapwa kwenye bomba au beba kipande chenyewe uende nacho. Mbao ya Marekani wanayoiita 2 kwa 4 ikisharandwa inabaki inchi 1.5 kwa 3.5. Tairi ndo kali zaidi, imeandikwa 205/55 R16, hapo 205 ni upana kwa milimita, 55 ni asilimia ya huo upana ambayo ndo kimo cha ubavu, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, yaani mifumo miwili kwenye mstari mmoja na hakuna anayelalamika. Upepo wa tairi kama mashine inasoma bar na wewe umezoea psi, bar moja ni psi 14.5, kwahiyo psi 32 ni bar 2.2.

Kwenye spana, ya milimita 19 na ya robo tatu inchi zinaingiliana bila shida kwasababu robo tatu ni milimita 19.05. Ila usifikiri zote ziko hivyo. Nati ya nusu inchi ukiipa spana ya 13 inaingia vizuri tu, inacheza kidogo, unakaza kwa hasira, inateleza na kulamba kona za nati mpaka inakuwa duara, hapo sasa utatafuta grinda. Ukiona 12 haiingii na 13 inacheza, hiyo ni nati ya inchi, kaazime spana za inchi. Na boliti ikiingia mizunguko miwili halafu ikagoma, usilazimishe, meno yake huenda ni ya mfumo mwingine.

Galoni usiiamini mpaka ujue ni ya nani. Ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546. Kwahiyo gari linalosifiwa kwenda maili 30 kwa galoni, kama ni galoni ya Marekani linakula lita 7.8 kwa kilomita 100, kama ni ya Uingereza linakula 9.4, namba ile ile ya kwenye tangazo. Painti, yaani sehemu ya nane ya galoni, nayo ni hivyo hivyo, mililita 473 ya Marekani na 568 ya Uingereza.

Joto: kugeuza Farenhaiti kuwa Selsiasi kuna ile njia ya mkato ya kutoa 30 halafu kugawanya kwa mbili, kwa hali ya hewa inafaa, Farenhaiti 80 inakupa 25 na ukweli ni karibu 27, shati ni lile lile. Lakini usiitumie kwa homa. Farenhaiti 104 kwa njia hiyo inakuwa 37, unasema mgonjwa mzima, kumbe ana 40! Kwa homa toa 32 kisha gawanya kwa 1.8, hamna mkato. Oveni pia, 350 ni kama 177 na sio 160.

Uzito nimeuacha mwisho kwasababu huku makosa yanaua. Julai 1983 ndege ya Air Canada, Boeing 767, iliishiwa mafuta ikiwa angani. Kipimo cha mafuta cha ndege yenyewe kilikuwa hakifanyi kazi, wakapiga hesabu kwa mkono, wakatumia 1.77 ambayo ni ratili kwa lita badala ya 0.8 ambayo ni kilo kwa lita, ikaruka na chini ya nusu ya mafuta waliyohitaji. Marubani waliiteremsha bila injini kwenye uwanja wa zamani wa jeshi kule Gimli, Kanada, na wote walipona. Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi, namba ndo ilikuwa ya kipimo kingine.

Kwa hiyo ukishabadilisha jiulize kitu kimoja: kipimo kidogo lazima kitoe namba kubwa. Ratili ni ndogo kuliko kilo, basi namba ya ratili iwe zaidi ya mara mbili ya kilo, ikitoka ndogo umegawanya pale pa kuzidisha. Kwa mtoto hii ni muhimu sana, dawa nyingi zinapangwa kwa kilo zake, mtoto wa ratili 33 ana kilo 15, akiandikwa kilo 33 anapewa dozi ya watoto wawili. Mizani ikisoma ratili igeuze kwanza isome kilo kisha mpime upya, na kwenye fomu andika 15 na neno kilo. Dawa ya maji ipime kwa mililita, kwa kile kikombe au bomba lililokuja na chupa, sio kwa kijiko kilichotoka jikoni.