Tumbo la Jumatatu: hatua za kumsaidia mtoto anayeogopa shule

Wazazi wengi huja kwangu na rundo la vyeti vya hospitali. Malaria hakuna, taifodi hakuna, dawa za minyoo mtoto ameshameza mara mbili. Lakini kila Jumatatu alfajiri anajikunja kitandani kashika tumbo, na ikifika saa nne, basi la shule limeshaondoka zamani, anaruka kamba uani mzima kabisa. "Huyu ananichezea akili," mama mmoja aliniambia.

Hamchezei. Mtoto akiogopa, mwili unamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, damu inapungua tumboni na kukimbilia kwenye misuli. Tumbo linasokota kweli, wengine hutapika kabisa, japo kipimo hakioni kitu. Mimi ni mshauri nasaha wa watoto wa shule za msingi, na hivi ndivyo ninavyowaelekeza wazazi.

Hatua ya 1: Andika kwa wiki mbili

Chukua daftari. Andika siku, saa, kilichotangulia, na wewe ulifanya nini. Je, Jumamosi tumbo linauma? Linauma zaidi siku yenye hesabu, au siku ya kusoma kwa sauti mbele ya darasa? Kwa darasa la nne, tazama pia majaribio ya kujiandaa na upimaji wa taifa. Tumbo linalopumzika wikiendi na likizo limeshakupa nusu ya jibu.

Hatua ya 2: Hakikisha hakuna cha kuogopa kweli

Hii usiiruke. Yupo mtoto anayeogopa kwa sababu ana haki ya kuogopa: fimbo za mwalimu fulani, wakubwa wanaomnyang'anya hela ya kula, konda anayemsukuma, mtu mzima anayemshikashika. Usimkalishe kwenye kochi kama mshtakiwa. Muulize mkiwa mnachambua mchele au mnakwenda dukani: "Mapumziko unakaa na nani? Mwalimu akikasirika huwa anafanyaje?" Kisha nyamaza. Wazazi tunapenda kujaza kimya, na hapo ndipo mtoto alipokuwa anataka kusema.

Ukikuta sababu, hatua zilizobaki ziweke pembeni. Kumzoesha mtoto kuvumilia kupigwa au kuguswa ni kumwumiza mara ya pili. Nenda kwa mwalimu mkuu, na kama ni ukatili, dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au piga 116, huduma ya simu kwa mtoto, ni bure.

Hatua ya 3: Badilisha maneno

"Hakuna cha kuogopa" haimsaidii, maana yeye anaogopa tayari. "Mbona mwenzako haogopi?" ndiyo mbaya kuliko zote. Sema: "Pole mwanangu, najua tumbo linasokota. Tutakwenda hivyo hivyo, na saa nane nitakuwa getini." Halafu saa nane uwe getini kweli. Ukichelewa siku moja tu, wiki nzima umeipoteza.

Akikuuliza mara kumi kama utakuja, jibu mara moja. Ya pili mrudishie: "Jana nilikuja?" Kila unapomhakikishia upya anatulia dakika tano, kisha anahitaji tena.

Mfundishe pia kupumua, lakini jioni akiwa ametulia. Kwa wadogo nasema: shika kikombe cha uji mkononi, cha kufikirika. Unuse taratibu kwa pua, kisha uupoze kwa mdomo, polepole usimwagike. Mara tano.

Hatua ya 4: Jenga ngazi

Kumwacha nyumbani kunamtuliza siku hiyo, na ndiyo sumu yenyewe: ubongo unajifunza kwamba ameponea kwa kukimbia. Kumburuta huku analia nako kunamfundisha kwamba wewe huaminiki. Kati ya hayo mawili kuna ngazi. Si jambo jipya. Mwaka 1924 huko Marekani, Mary Cover Jones aliandika jinsi mtoto Peter alivyoacha kuogopa sungura: mnyama alisogezwa kidogo kidogo huku mtoto akila anachokipenda, hadi akaweza kumshika.

Kwa binti mmoja wa darasa la tatu aliyekaa nyumbani wiki tatu, tuliipanga hivi:

1. Kuvaa sare Jumapili jioni na kutembea hadi geti la shule, kisha kurudi.
2. Kuingia na kumsalimia mwalimu wa darasa wenzake wakiwa wameondoka.
3. Kukaa darasani kipindi kimoja, mama akiwa ofisini hapo hapo shuleni.
4. Kukaa hadi uji wa saa nne, mama akiwa nyumbani.
5. Siku nzima.

Mtoto mwenyewe atoe alama ya hofu, sifuri hadi kumi, kabla na baada. Kila ngazi irudiwe mpaka hofu ishuke angalau nusu. Ngazi ya tatu ilituchukua siku sita, na baba alikuwa ameanza kukasirika. Usimtoe akiwa kwenye kilele cha hofu. Subiri ipungue kidogo ndipo mwondoke. Wala usimtoroke kimyakimya. Aga, geuka, nenda. Mwalimu lazima ajue mpango tangu mwanzo.

Hatua ya 5: Nyumba nzima iseme neno moja

Bibi akisema "mwacheni mjukuu wangu apumzike", ngazi imevunjika. Mshirikishe, mpe kazi: yeye ndiye wa kumsindikiza hadi kona. Kama familia inaomba, ombeni pamoja asubuhi, kisha safari iendelee. Siku ya kubaki nyumbani isiwe na katuni wala simu.

Kama mwezi umepita bila nafuu, au mtoto halali usingizi, hali chakula, au anazungumzia kufa, usisubiri ngazi. Ulizia kitengo cha afya ya akili hospitali ya rufaa ya mkoa. Akitaja kujidhuru, mpeleke siku hiyo hiyo.

Na jiandae kwa Januari. Baada ya likizo ndefu tumbo hurudi kwa wengi. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mvalishe viatu vya shule mkapite mbele ya geti, mnunue daftari duka la jirani na shule, mrudi zenu nyumbani.