Dawa ya UTI (maambukizi ya njia ya mkojo): mkojo upimwe kabla ya kidonge cha kwanza

Juni na Julai, baridi ikikaza Makete au Uyole, mtu anaweza kushinda na vikombe viwili vya chai tu. Mkojo unakuwa kidogo na wa njano iliyokolea, na huo huweza kuchoma hata bila bakteria. Kunywa maji kwanza. Mwako ukiendelea, ukawa unaenda chooni kila mara na kutoa matone, huku chini ya kitovu kunauma, nenda kapime. Uchafu wa ukeni wenye kuwasha au usaha uumeni mara nyingi ni ugonjwa mwingine, wenye dawa zake.

Toa mkojo palepale kwenye kituo cha afya. Nawa kwa maji, mwanamke atenganishe mashavu ya uke, wa mwanzo umwage, kinga wa katikati bila kugusa ndani ya kichupa. Ukiubeba kutoka nyumbani ukakaa zaidi ya saa 2 kwenye joto la gari, bakteria wanazaliana njiani na majibu yanadanganya. Cheti kikionyesha seli nyingi za ngozi, mkojo ulichafuliwa: rudia. Kama UTI inajirudia, omba mkojo uoteshwe, yaani bakteria wakuzwe maabara. Majibu huchukua siku 2 hadi 3, na yanataja bakteria pamoja na dawa inayomuua.

Kwa mwanamke asiye mjamzito na asiye na homa, chaguo zuri ni nitrofurantoini kwa siku 5: kidonge cha kawaida cha miligramu 50 kila baada ya saa 6, au kapsuli ya miligramu 100 inayoyeyuka taratibu kila baada ya saa 12. Soma pakiti, maana aina hizi mbili huchanganywa sana. Ya saa 6 meza saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Meza na chakula, hata ugali kidogo, kichefuchefu kitapungua. Mkojo kuwa wa kahawia ni rangi ya dawa, usiogope. Magnesiamu ya kiungulia usiimeze pamoja nayo, inapunguza nguvu yake. Ukisahau dozi, meza ukikumbuka. Usimeze mbili kwa mpigo.

Tafadhali usimeze Septrin au amoksilini zilizobaki kabatini. Bakteria wengi wa UTI hapa Tanzania wameshazizoea, haziwaui tena. Siprofloksasini nayo, kama umeandikiwa, usiiteremshe kwa maziwa, hata ukiwa Rungwe yanakopatikana kwa wingi: kalsiamu inaishika dawa tumboni isiingie kwenye damu.

Homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni ni dalili kwamba figo zimeguswa. Nitrofurantoini haifiki vya kutosha kwenye nyama ya figo, kwa hiyo nenda hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito, mwanaume, mtoto na mwenye ugonjwa wa figo wasijinunulie dawa kwa kufuata maelezo haya. Wanahitaji dawa au siku tofauti.

Ndani ya saa 48 mwako unapaswa kupungua. Usipopungua rudi kituoni, usiongeze vidonge mwenyewe. Ukipona, maliza siku 5 zote. Kupima tena si lazima, isipokuwa kwa mjamzito: yeye hutibiwa bakteria wakionekana hata kama hasikii chochote, ilhali wengine wengi wasio na dalili hawahitaji dawa.