Majivu ya pumba za mpunga kwenye zege, hatua kwa hatua

Mliopo Mbarali, Ifakara, Kahama au kule Mwea mnajua pumba zinavyorundikana nyuma ya mashine za kukoboa. Mpunga kilo 100 unatoa pumba kama kilo 20, na hizo 20 ukizichoma unabaki na majivu kilo 4 hivi. Karibu yote ni silika, nayo ndo inashikana na chokaa inayotoka kwenye simenti ikishalowa, inatengeneza gundi ileile ya simenti, ndo maana majivu yanaweza kushika nafasi ya sehemu ya simenti kwenye zege. Kuchanganya ni rahisi, kazi yenyewe iko kwenye kuchoma na kusaga.

1. Kuchoma. Chukua pipa litoboe matundu pande zote, liweke katikati, washia moto ndani alafu rundika pumba kulizunguka, ziache ziungue zenyewe taratibu, usipepee wala usimwage mafuta ya taa. Moto ukipita nyuzi 700 silika inaganda inakuwa kama mchanga tu, haishiki kitu, ndo maana majivu ya tanuri la tofali siyaamini. Unataka ya kijivu. Yakiwa meusi tii bado kuna kaboni, hayo yatakunywa maji balaa.

2. Kusaga. Subiri yapoe kabisa (katikati moto unajificha muda mrefu, usidanganyike na juu), kisha yatie kwenye pipa la kuzungusha lenye vipande vya nondo, zungusha mpaka ukiyafikicha vidoleni usisikie chenga. Vaa barakoa jamani, hilo vumbi sio la kuchezea mapafu.

3. Jaribu kwanza. Changanya majivu na chokaa ya kujengea na maji kidogo, finyanga kidonge, kifunge kwenye nailoni wiki nzima. Kitumbukize kwenye maji. Kikimeng'enyuka, majivu hayafai, rudi kwenye moto.

4. Simenti. Hapa wengi hawaangalii, soma mfuko! Ukiona CEM IV 32.5 ujue kiwandani walishaweka pozolana (unga wa silika unaofanya kazi kama haya majivu) nyingi tayari, ukiongeza yako unaizidishia na zege linakuwa dhaifu. Tafuta CEM I 42.5.

5. Vipimo. Anza na 10%, yaani mfuko wa kilo 50 unatumia simenti kilo 45 na majivu kilo 5. Pima kwa mzani, sio kwa ndoo, majivu ni mepesi sana ndoo itakudanganya. Changanya vikavu vyote mpaka rangi iwe moja ndo uweke maji. Litaonekana gumu kusukuma, fundi atataka kumwaga maji tu, mkatalie, ongeza kidogokidogo.

6. Kumwagilia. Hili zege linachelewa kupata nguvu siku za mwanzo, lifunike na ulimwagilie wiki 2 angalau.

Tofali, pevingi, jamvi la uani, piga kazi. Nguzo, bimu na slabu usiguse mpaka maabara wapime nguvu kwa kuvunja vipande vya hilo zege vilivyofikisha siku 28 na injinia aridhike na majibu.