Kabla hujabonyeza "Hifadhi": mipangilio ya muunganisho kwa wajaribu mifumo ya terminali

Muunganisho wowote wa terminali (skrini ya maandishi ya kutumia seva kwa mbali) unaotaka kuuhifadhi kwenye programu ya majaribio, ufungue kwanza kwa mkono mpaka ufike menyu kuu, kisha utoke vizuri. Kwa SSH, yaani njia ya kuunganishwa na seva kwa mawasiliano yaliyosimbwa, hili ni la lazima hasa. Mara ya kwanza programu huuliza kama unaitambua seva. Skripti (hatua zilizorekodiwa zijiendeshe zenyewe) isiyo na mtu wa kuijibu itaganda hapo usiku kucha.

Anwani na poti havina mengi. Poti ya telnet ya kawaida (njia ya zamani isiyosimba mawasiliano) ni 23, ya SSH ni 22, na ya telnet iliyofungwa kwa TLS, yaani usimbaji, mara nyingi ni 992. Pendelea jina la seva kuliko namba za IP, maana seva ikihamishwa namba hubadilika. Na kama uko nyumbani Kimara huku seva iko ofisini Posta, hakikisha VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi) imewaka kabla hujaanza kulaumu mipangilio.

Pa kutulia ni aina ya terminali. Skripti zetu nyingi husoma skrini kwa mstari na safu: nenda mstari wa 6, safu ya 53, soma salio. Sasa kwenye IBM 3270, terminali za kompyuta kubwa za IBM, modeli ya 2 ina mistari 24 ya herufi 80, ilhali modeli ya 5 ina mistari 27 ya herufi 132. Aliyerekodi kwenye modeli ya 2 akimwachia kazi mwenzake aliyehifadhi modeli ya 5, simu haitachelewa: "Dada, salio halisomeki, mfumo umeharibika!" Mfumo mzima kabisa. Skrini imepangwa upya kwa upana mwingine, na palipokuwa na tarakimu pamebaki patupu.

Jedwali la herufi, yaani orodha inayoipa kila herufi namba yake, ni jambazi zaidi, kwa sababu hutulia. Majedwali ya IBM namba 037 na 500 yanakubaliana kwenye herufi zote za kawaida na tarakimu, kwa hiyo majaribio yatapita tu, mpaka siku mtu mwenye alama ya mshangao kwenye nywila yake akataliwe kuingia. Muulize msimamizi wa seva anatumia lipi, usibahatishe.

Jina la kifaa (linaloitambulisha terminali yako kwa seva) liache wazi, isipokuwa seva inalidai. Ukilihifadhi ukagawia timu nzima, wa kwanza ataingia na wa pili atarudishwa mlangoni.

Nywila isiwemo kabisa. PuTTY, programu ya bure ya kuunganisha kwa SSH na telnet, yenyewe haiihifadhi pamoja na mipangilio, ila zipo programu zinazokubali, na faili hizo mwisho wake tunaujua: kundi la WhatsApp la idara. Tukiwa kwa PuTTY, kwenye Windows mipangilio yake hukaa ndani ya rejista (hazina ya mipangilio ya Windows yenyewe), hivyo kunakili programu peke yake kwenda laptopu nyingine hakuhamishi kitu. Ukitaka kurekebisha uliyohifadhi, ipakie, badilisha, halafu hifadhi tena kabla ya kuunganisha.

Jina la mipangilio libebe mazingira na modeli, kwa mfano MAJARIBIO-MIKOPO-M2. "Mpya", "mpya2" na "ya bosi" hazimsaidii mtu. Seva halisi ya wateja isikae kwenye orodha moja na hizi. Mwenye kibali cha kuifikia aandike anwani yake mwenyewe kila mara, hata akinung'unika.