Kuandaa zoezi la mzio mkali kwa wanafunzi wa uuguzi

Zoezi moja, dharura moja. Ukitaka wanafunzi wajifunze kwa mkupuo mmoja mzio mkali, ufufuaji wa moyo na namna ya kuzungumza na ndugu wa mgonjwa, watatoka na vipande vipande. Hapa mgonjwa mtu mzima amechomwa penisilini dakika chache zilizopita, na lengo ni wanafunzi watambue mzio mkali na kuchoma adrenalini bila kuchelewa.

Manikini (sanamu ya mtu ya kufanyia mazoezi) ya kawaida inatosha, mradi hali ya mgonjwa ibadilike kulingana na wanachofanya wanafunzi. Andika vipimo kwenye kadi tatu. Kadi ya kwanza: mapigo 96, pumzi 20, presha 118/74, oksijeni asilimia 98, mgonjwa analalamika kuwashwa. Ya pili, baada ya dakika 2: mapigo 128, pumzi 30, presha 82/46, oksijeni asilimia 90, vipele mwilini, kifua kinapiga filimbi. Ya tatu ni ya nafuu kidogo: mapigo 112, presha 96/58, oksijeni asilimia 94. Itoe dakika 3 hivi baada ya adrenalini sahihi. Wasipoichoma, hali izidi kuwa mbaya: mgonjwa alegee, ajibu kwa shida.

Wape majukumu wanafunzi wanne: kiongozi, mtoa dawa, wa njia ya hewa na oksijeni, na mwandishi wa muda. Wengine watazame wakiwa na jambo mahususi la kuangalia, la sivyo watachoka. Kabla ya kuanza, waonyeshe manikini na vifaa, na waambie wazi kwamba makosa ya hapa hayaendi kwenye alama zao. Mwanafunzi mwenye hofu ya alama hukaa kimya, na kimya ndicho kinachoua mgonjwa wodini.

Jaza maji ampuli (vichupa vya dawa ya sindano) za mazoezi, zibandike “KWA MAFUNZO TU”, na uzihesabu kabla na baada. Hata moja isipotee kuingia kwenye toroli la dawa halisi. Kubalianeni pia neno la kusimamisha zoezi endapo mtu ataumia kweli.

Makosa hujirudia hasa kwenye adrenalini. Ampuli ya miligramu 1 kwa mililita 1 huwafanya wengi wachote yote. Dozi ya mtu mzima ni miligramu 0.5, yaani mililita 0.5, kwenye msuli wa paja, upande wa nje katikati. Wengine huielekeza kwenye kanula, mrija mdogo wa mshipani, kwa kuwa tayari ipo mkononi mwa mgonjwa, na dozi hiyo ikiingia moja kwa moja kwenye mshipa inaweza kuvuruga mapigo ya moyo vibaya. Wapo wanaokimbilia haidrokotisoni, dawa ya kutuliza uvimbe wa mzio, kwanza, ingawa haifungui njia ya hewa wala kupandisha presha kwa dakika hizo. Na wapo wanaomsimamisha mgonjwa ghafla: damu hushukia miguuni na moyo unaweza kusimama. Alazwe, miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua akilala, akae miguu ikiwa imenyooshwa kitandani.

Dozi ya pili hurudiwa baada ya dakika 5 ikiwa hali haijatengemaa. Usizifupishe dakika hizo. Waache wazisubiri huku wakiongeza maji ya dripu na kupima upya, waone jinsi zilivyo ndefu.

Zoezi lichukue dakika 15, mjadala 30. Anza na hisia zao kwa dakika chache, kisha uliza fikra zao: “Niliona umechota mililita nzima. Ulikuwa unahesabu vipi?” Swali hili huibua chanzo cha kosa; “Kwa nini umekosea?” huibua utetezi tu. Mwandishi asome muda tangu dalili ya kwanza hadi sindano. Kisha badilisheni majukumu, mrudie zoezi siku hiyohiyo, na mlinganishe muda huo na wa mwanzo.